Samadi au Mbolea ya Duka? Shamba Lako Linahitaji Zote Mbili



Katika mikutano ya vikundi, tukifika kwenye jambo la mbolea, mara nyingi watu hugawanyika. Upande mmoja husema mbolea ya duka imeharibu mashamba yetu, na afadhali turudi kwa samadi kama wazee wetu. Upande wa pili husema kubeba samadi ni kazi ya kuvunja mgongo, na kwamba bila DAP hakuna mahindi. Halafu kuna wale wanaonyamaza tu, kwa sababu hawana ng'ombe na pia hawana pesa za gunia. Katika ukurasa huu tungependa kusema na hao wote, hasa hao wanaonyamaza.

Neno letu ni fupi. Samadi hulisha udongo. Mbolea ya duka hulisha mmea. Anayeweka kidogo cha hii na kidogo cha ile katika shimo moja hulitunza shamba lake miaka mingi kuliko anayetegemea moja pekee, na pesa zake hazimwishii zote kwa agroveti. Wacha tueleze ni kwa nini, na jinsi ya kufanya.

SHAMBA NI KAMA GHALA

Mmea hula kama vile mtu anavyokula. Vyakula vyake vikubwa ni vitatu: nitrojeni, ambayo huleta majani mabichi na nguvu ya kukua, fosforasi, ambayo hujenga mizizi na kusaidia mbegu kujaa, na potasiamu, ambayo huimarisha shina na kuusaidia mmea kustahimili ukame na magonjwa. Vyakula hivi vimo katika udongo, lakini si kisima kisichokauka. Shamba ni kama ghala: ukitoa bila kurudisha, siku moja utafika chini.

Tuangalie mfano. Gunia moja la mahindi la kilo 90 hubeba karibu kilo moja na nusu ya nitrojeni kutoka shambani. Ukivuna magunia kumi, umetoa karibu kilo 14. Gunia moja la CAN la kilo 50 lina kilo 13 za nitrojeni. Yaani magunia kumi tu ya mahindi yameondoa kiasi kinachopita gunia zima la CAN, na hapo hatujahesabu mabua. Kama mabua nayo yameliwa na ng'ombe, na kinyesi cha ng'ombe hao kikaachwa barabarani na mtoni, basi ghala limefagiliwa.

Shamba lenye njaa huonyesha dalili mapema:

1. Majani ya chini ya mahindi yakigeuka njano kuanzia ncha na kufuata mshipa wa katikati, nitrojeni imepungua.

2. Mahindi machanga yakiwa na rangi ya zambarau na kudumaa, mara nyingi ni fosforasi inayokosekana.

3. Kingo za majani ya chini zikionekana kama zimeunguzwa na moto, tazama potasiamu.

4. Kiduha, ambalo jirani zetu Waluo huliita kayongo, likizidi shambani, jua kwamba udongo huo umechoka. Gugu hilo hupenda shamba lisilo na rutuba.

KAZI YA SAMADI

Samadi ina vyakula vyote vitatu na vingine vidogo vidogo, lakini kwa kiasi kidogo. Samadi ya ng'ombe iliyo kavu huwa na karibu kilo moja hadi moja na nusu ya nitrojeni katika kila kilo mia. Tena haitoi chakula hicho chote kwa mara moja. Msimu wa kwanza mahindi yatapata labda robo au theluthi ya nitrojeni hiyo. Iliyobaki huendelea kutoka polepole msimu wa pili na wa tatu. Ndio sababu mtu akiweka samadi mwaka mmoja na kutazama tu mavuno ya mwaka huo, husema haifanyi kazi. Amehukumu mapema.

Lakini kuna kazi nyingine ambayo gunia la duka haliwezi. Samadi huufanya udongo ushikamane vizuri na kuwa laini. Udongo wa namna hiyo hunyonya mvua badala ya kuiacha iteremke mtoni, na huhifadhi unyevu jua likiwaka. Wakulima wa Makueni, Kitui na Machakos wanajua jambo hili vizuri: mvua ikikatika wiki mbili, shimo lenye samadi hubaki na mmea wa kijani huku jirani yake ukijikunja. Samadi pia huwalisha wadudu wadogo na nyungunyungu wanaolima udongo bila malipo. Na huishika mbolea ya duka isisombwe na maji ya mvua kwenda chini mahali ambapo mizizi haifiki.

KAZI YA MBOLEA YA DUKA

Mbolea ya duka ni chakula kilichokolezwa. Nambari zilizoandikwa kwenye gunia si mapambo. Zinakuambia ni kilo ngapi za chakula zimo katika kila kilo mia: ya kwanza ni nitrojeni, ya pili ni fosforasi, ya tatu ni potasiamu.

- DAP huandikwa 18-46-0. Ina nitrojeni kiasi, fosforasi nyingi, na haina potasiamu hata chembe. Ni ya kupandia.

- NPK 17-17-17 ina vyote vitatu kwa usawa. NPK 23-23-0 ina viwili tu.

- CAN ina nitrojeni peke yake, karibu kilo 26 kwa kila mia, pamoja na kalisiamu. Ni ya kukuzia, mahindi yakifika magotini.

- Urea pia ni nitrojeni peke yake, kilo 46 kwa kila mia. Ina nguvu, lakini ikiachwa juu ya udongo mkavu bila kufunikwa, sehemu yake hupotelea hewani.

Uzuri wa mbolea hii ni kwamba mmea huipata upesi, wakati ule unapoihitaji. Mtoto mwenye njaa haambiwi angoje msimu wa tatu. Na mashamba mengi ya Magharibi na Nyanza yana upungufu mkubwa wa fosforasi, ambayo samadi ina kidogo sana. Huko, kukataa mbolea ya duka kabisa ni kuwahukumu watoto kula mahindi ya gorogoro chache.

Ubaya wake ni bei. Mwaka wa 2022 gunia la DAP lilipita shilingi 6,000 katika maduka mengi ya nchi yetu. Serikali ilileta ruzuku, gunia likauzwa shilingi 3,500 kuanzia Septemba mwaka huo, kisha 2,500 kuanzia Agosti 2023. Ilikuwa nafuu, lakini mwaka wa 2024 ikagunduliwa kwamba baadhi ya mbolea iliyouzwa katika mpango huo haikufikia viwango. Kuna wakulima waliopanda wakingoja, na mahindi yakatoka manyonge. Funzo ni hili: mkulima ambaye rutuba yake yote inatoka dukani ameiweka familia yake mikononi mwa bei ya dunia na uaminifu wa watu asiowajua. Aliye na samadi shimoni hutikisika, lakini haanguki.

KABETE ILITUFUNDISHA NINI?

Jambo hili halikuanza jana. Huko Kabete, karibu na Nairobi, watafiti wa kilimo walianzisha mashamba ya majaribio mwaka wa 1976. Walipanda mahindi na maharagwe mwaka baada ya mwaka katika vipande vya ardhi vilivyo pamoja. Kipande kimoja hakikuwekwa kitu. Kingine kiliwekwa mbolea ya duka tu, kingine samadi tu, kingine zote mbili. Pengine mabua yaliondolewa, pengine yaliachwa.

Baada ya miaka 18 tofauti ilikuwa wazi. Kipande ambacho hakikuwekwa chochote, na mabua yake yakaondolewa, kilitoa kwa wastani karibu tani 1.4 za nafaka kwa hekta kwa mwaka, mahindi na maharagwe pamoja. Kile kilichopata samadi, mbolea ya duka na kuachiwa mabua yake kilitoa karibu tani 6. Kwa hesabu ya kijijini, ni kama magunia sita kwa ekari ukilinganisha na magunia ishirini na saba. Na vile vipande vilivyopewa mbolea ya duka peke yake vilianza vizuri, lakini miaka ilivyosonga mavuno yake yakazidi kushuka.

Kwa hivyo wale wa upande wa kwanza na wale wa upande wa pili kila mmoja ana nusu ya ukweli.

SAMADI NZURI HAIJI YENYEWE

Tukitembelea boma nyingi tunaona samadi imerundikwa wazi, mvua inainyeshea, jua linaichoma. Maji meusi yanayotiririka kutoka kwenye rundo hilo ndiyo chakula cha mahindi kinachokimbia. Mwishowe mkulima hubeba mgongoni kitu ambacho nguvu zake zilishaondoka. Fanyeni hivi:

1. Weka takataka kavu bomani: mabua yaliyokatwakatwa, nyasi, majani ya ndizi, mabaki ya lishe. Hizi hunyonya mkojo. Karibu nusu ya nitrojeni anayotoa ng'ombe imo katika mkojo wake, na sisi huiacha izame chini.

2. Ukiwa na ng'ombe wa kufugiwa bandani, tengeneza sakafu ngumu yenye mteremko kidogo, na kijishimo cha kukusanya mkojo. Mwagia mkojo huo juu ya rundo la samadi.

3. Rundo liwe kivulini, na ulifunike kwa majani ya ndizi, nyasi au karatasi ya nailoni. Chimba mfereji kulizunguka ili maji ya mvua yasipite ndani yake.

4. Ligeuze mara moja au mbili, na uliache miezi mitatu hivi. Samadi iliyoiva hainuki, haina joto, na huwezi tena kutambua nyasi zilizowekwa.

Usipeleke samadi mbichi moja kwa moja kwenye mbegu. Huunguza miche, huleta mbegu za magugu na mabuu wanaokula mizizi. Kwenye mboga zinazoliwa bila kupikwa, samadi mbichi huweza kuleta minyoo na kuhara. Samadi ya kuku ni kali zaidi ya zote, kwa hivyo iivishe vizuri na uiweke kidogo.

Kama unanunua samadi, angalia unachonunua. Malori hutoa samadi katika boma za Kajiado na Narok kuipeleka mashamba ya nyanda za juu, na wakati mwingine nusu ya lori ni mchanga. Chukua konzi moja, itie katika chupa ya maji, utikise, uiache itulie. Mchanga utalala chini nawe utauona kwa macho yako kabla ya kulipa.

ASIYE NA NG'OMBE AFANYE NINI?

Hapa ndipo tunapotaka vikundi visikilize kwa makini. Katika vijiji vingi, mavuno yakiisha, ng'ombe wa wenye mifugo huingia katika mashamba ya majirani na kula mabua. Hiyo ni desturi, na hakuna anayeiona vibaya. Lakini fikirini: mama mjane asiye na ng'ombe hutoa mabua yake yote, na samadi inaishia katika boma la mwingine. Kila mwaka rutuba inatoka kwa asiye nacho kwenda kwa aliye nacho. Baada ya miaka kumi tunasema, "Shamba la huyu mama ni baya." Shamba halikuwa baya. Lilihamishwa kidogo kidogo tumboni mwa ng'ombe.

Kikundi kinaweza kurekebisha jambo hili bila senti moja. Kubalianeni kwamba anayelisha ng'ombe wake mabua ya jirani arudishe wilibaro kadhaa za samadi kabla ya mvua. Idadi mtaipanga wenyewe. Huo si ugomvi, ni haki.

Tena asiye na ng'ombe anaweza kutengeneza mboji, yaani mbolea ya takataka. Chagua mahali penye kivuli. Chimba shimo la kina kifupi, upana wake hatua moja na nusu. Chini weka vijiti ili hewa ipite. Kisha panga tabaka: takataka kavu, halafu majani mabichi, halafu samadi kidogo ya mbuzi au kuku au mboji ya zamani, halafu udongo wa juu kidogo na majivu machache. Nyunyizia maji kila tabaka. Rudia hivyo mpaka rundo lifike kifuani, kisha ulifunike. Ingiza kijiti kirefu katikati. Baada ya siku tatu au nne ukichomoa, kijiti kiwe cha moto. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Kikiwa baridi na chenye kunuka, maji yamezidi, uligeuze rundo. Geuza kila baada ya wiki tatu, na baada ya miezi mitatu hivi utapata mbolea nyeusi inayonukia kama udongo wa msituni.

Wale wa Magharibi na Nyanza wana bahati nyingine. Lile ua la njano linalomea kando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba, ambalo kitaalamu huitwa tithonia, lina majani yenye nitrojeni na potasiamu nyingi. Kateni majani na vijiti laini kabla halijatoa maua, myakatekate, mfukie mashimoni wiki moja hivi kabla ya kupanda. Ni kazi ya mikono, na halitoshi kwa ekari nzima, lakini kwa sukuma wiki na kipande kidogo cha mahindi linasaidia sana.

Na tusisahau maharagwe, kunde na njugu. Mimea hii hushirikiana na vijidudu vilivyo katika vifundo vya mizizi yake, nayo huvuta nitrojeni kutoka hewani. Ukivuna, kata shina na uiache mizizi chini. Usipoteze CAN juu ya maharagwe. Yanachohitaji zaidi ni fosforasi na samadi.

HESABU YA EKARI MOJA

Sasa tuje kwa hesabu. Tuchukue ekari moja ya mahindi, mistari ikiachana sentimita 75 (futi mbili na nusu), na mashimo yakiachana sentimita 50, mbegu mbili kila shimo. Hapo kuna mashimo karibu 10,800.

Anayetumia mbolea ya duka tu huweka gunia moja la DAP na gunia moja la CAN. Hiyo ni kama kifuniko kimoja cha soda kwa kila shimo, kila mara. Mahindi hupata kilo 22 za nitrojeni, na msimu ukiisha, udongo umebaki vile vile au umepungua.

Mwingine anatumia nusu ya kila gunia pamoja na samadi. Konzi moja kubwa ya samadi iliyoiva, karibu gramu 200, katika kila shimo hufika kama tani mbili kwa ekari. Wilibaro moja ikibeba kilo 50, ni wilibaro 40 na kidogo. Ng'ombe mmoja wa kienyeji anayelala bomani huweza kukupa karibu tani moja ya samadi kavu kwa mwaka, ikiwa utaikusanya na kuitunza. Kwa hivyo ng'ombe wawili hutosha ekari.

Huyu wa pili amepata kilo 11 za nitrojeni kutoka dukani, na samadi yake ina zingine kama 20. Msimu wa kwanza mahindi yatapata tano hadi saba kati ya hizo. Kwa hivyo msimu wa kwanza huenda mavuno yake yasimpite yule wa kwanza. Hatutaki kuwadanganya. Lakini ametumia nusu ya pesa, amebaki na akiba ya chakula katika udongo kwa msimu ujao, na mvua ikikatika yeye ndiye atakayebaki na mahindi. Mwaka wa tatu, mwaka wa nne, tofauti itaonekana kutoka barabarani.

Na kama samadi yako haifiki wilibaro 40? Usiitawanye ekari nzima ikawa kama chumvi iliyomwagwa ziwani. Weka vizuri katika robo ekari mwaka huu, na robo nyingine mwaka ujao.

JINSI YA KUPANDA

1. Andaa mashimo kabla ya mvua, kina cha inchi nne hadi sita.

2. Weka konzi moja ya samadi iliyoiva na uichanganye na udongo shimoni.

3. Weka nusu kifuniko cha soda cha DAP au NPK. Funika kwa udongo kidogo. Mbegu isiguse mbolea ya duka, kwa maana itaungua na haitaota. Hapa ndipo watoto waliotumwa kusaidia hukosea, kwa hivyo waonyeshwe kwanza.

4. Weka mbegu mbili, funika kwa udongo wa inchi mbili.

5. Palilia mapema. Mbolea katika shamba lenye magugu ni chakula cha magugu.

6. Mahindi yakifika magotini, na udongo ukiwa na unyevu, weka nusu kifuniko cha CAN kwa kila shimo, upana wa kiganja kutoka kwenye shina, kisha ufukie. Usimwage juu ya majani. Usiweke wakati wa kiangazi wala mvua kubwa ikiwa inakaribia kunyesha. Penye mchanga mwingi, gawa mara mbili.

JE, MBOLEA YA DUKA HUHARIBU UDONGO?

Wazee wanaosema hivyo hawasemi uongo. DAP na urea zikitumiwa miaka mingi bila samadi huongeza asidi katika udongo. Asidi ikizidi, fosforasi hufungwa na udongo, mizizi hufupika, na mkulima huongeza gunia juu ya gunia bila faida. Tatizo hili liko katika mashamba mengi ya Trans Nzoia, Uasin Gishu, Kakamega, Siaya na kwingineko.

Dawa yake ni chokaa ya kilimo, ile inayochimbwa kama huko Koru, wala si chokaa ya kupaka nyumba. Lakini usiinunue kwa kubahatisha. Kiasi chake kinategemea udongo wako, na penye udongo usio na asidi huweza kuleta hasara. Ukiweka, ichanganye na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Usiichanganye na samadi wala na DAP kwa pamoja, maana nitrojeni itapaa hewani. Ukinusa harufu kali ya kuwasha pua, hiyo ndiyo pesa yako inayoondoka.

KAZI YA KIKUNDI

Mambo haya mengine ni magumu kwa mtu mmoja, lakini kwa kikundi ni mepesi:

- Kupima udongo. Chimbeni sehemu kumi hivi za shamba kwa mwendo wa zigizaga, kina cha sentimita 20, mbali na boma, njia na kichuguu. Changanyeni katika ndoo safi, mtoe nusu kilo, mwandike jina. Msitumie mfuko uliokuwa na mbolea. Afisa wa kilimo wa kaunti atawaelekeza pa kupeleka. KALRO hupima udongo Kabete na katika vituo vyake vingine. Mashamba yanayofanana na yaliyo jirani yanaweza kuanza na kipimo kimoja.

- Kununua pamoja. Nunueni gunia lililofungwa, mwangalie mshono na alama ya ubora, mchukue risiti. Gawaneni kwa mizani mbele ya watu wote. Kununua kilo mbili mbili kutoka gunia lililo wazi ni kujaribiwa na wajanja.

- Kubeba samadi kwa zamu. Watu kumi wenye wilibaro tano humaliza ekari kwa asubuhi moja. Leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na wazee wasio na nguvu wawe wa kwanza.

- Shamba la mfano. Tengeni vipande vinne vidogo vilivyo sawa: kisicho na kitu, chenye samadi, chenye mbolea ya duka, na chenye zote mbili. Pimeni mavuno ya kila kipande kwa gorogoro, mwandike katika daftari la kikundi. Fanyeni hivyo misimu mitatu au minne, si mmoja. Macho yenu yatawafundisha zaidi ya ukurasa huu.

Katika Injili ya Luka sura ya 13 tunasoma juu ya mtini uliokosa matunda miaka mitatu. Mwenye shamba alitaka ukatwe. Mtunza shamba aliomba mwaka mmoja zaidi, na hakuomba ili akae tu akingoja muujiza. Alisema atachimba na kuulisha mti ule. Mashamba yetu mengi yamesemwa kwamba hayafai tena, na vijana wameyaacha wakaenda mjini. Yapeni nayo muda huo, pamoja na jembe na samadi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, mabua huenda wapi baada ya mavuno, na nani anafaidika?

2. Ni wangapi kati yetu ambao samadi yao iko mvuani sasa hivi? Tutaifunika lini?

3. Ni nani katika kikundi asiye na mifugo, na tutamsaidiaje kabla ya mvua ijayo?

4. Tukiweka akiba kidogo kila mkutano, tunaweza kununua magunia mangapi kwa pamoja ifikapo wakati wa kupanda?

Mkishajadiliana, chagueni jambo moja tu mtakalolifanya mwezi huu, na mwandike katika daftari jina la atakayelisimamia.